Vigingi vya Soko la Kisasa

Mji wetu uko njiani. Ukitoka Shinyanga kuelekea Geita, basi likipunguza mwendo kwa ajili ya matuta, ndio mji wetu huo. Likiongeza mwendo tena, umeshaupita. Abiria akipiga chafya na kufumba macho, basi ametukosa mpaka safari ya kurudi. Lakini siku ile kwenye ukumbi wa halmashauri, mtaalamu mshauri aliyetoka Dar es Salaam kwa ndege mpaka Ibadakuli, na kutoka Ibadakuli kwa gari lenye baridi ya kugandisha nyama, alisimama mbele yetu akatutangazia kwamba sisi ni kitovu.

Kitovu cha nini, hakusema. Alibonyeza kitufe, na ukutani ikatokea picha ya mji wa maghorofa ya vioo, miti imepangwa kama wanafunzi mstarini, na Wazungu wawili wanatembeza mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa mnene kuliko ndama yeyote niliyewahi kumwona Usukumani. Chini ya picha yameandikwa maneno: Mpango wa Ukuaji wa Mji. Tukapiga makofi. Unapoonyeshwa mbwa wa namna ile utafanya nini?

Mimi nilialikwa kama mwakilishi wa wasomi wa mtaa. Usicheke. Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha, lakini nilimaliza kidato cha nne kwenye masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na watoto, nimekunjwa kwenye dawati la darasa la pili hadi magoti yakagusa masikio. Tangu matokeo yalipotoka sijapata amani. Akifiwa mtu, nisome risala. Akija mgeni wa serikali, nivae tai nikakae mbele. Tai yenyewe ni moja, imehudhuria mikutano mingi kuliko diwani.

Tukagawanywa vikundi, tukapewa karatasi za rangi, tukaambiwa tuandike ndoto zetu. Kikundi changu kilikuwa na akina mama watatu wa sokoni, na wote wakaandika neno moja: maji. Mtaalamu akazikusanya karatasi zetu kwa upendo mkubwa, kama mtu anayeokota mayai, akazibandika ukutani chini ya kichwa kilichosema Mengineyo. Kisha akaendelea na maghorofa.

Wakati wa soda nikasogea kwenye ramani. Wenzangu walikuwa wanatafuta nyumba zao. Mimi nilitafuta soko letu la zamani. Lilikuwa limepakwa kijani. Pale kwenye kona inayotazama barabara kuu palichorwa bustani, na ndani ya bustani benchi, na juu ya benchi mwanamke mwembamba anakula aiskrimu. Nikahesabu maduka kwa kidole mara mbili ili nisije nikamsingizia mtu. Hapana shaka. Pale alipokaa yule mwanamke na aiskrimu yake ndipo anapokaa mama mkwe wangu na mchele wake.

Kona ile si ya kuchezea. Malori yanayotoka kwenye majaruba ya mpunga yanapunguza mwendo pale kwa sababu ya tuta, na lori likishapunguza mwendo, dereva anamwona mama. Vijana wanaonunulia chakula kambi za machimboni, kutoka Mwakitolyo mpaka Bugarama, wanapita na pikipiki zao na hawashuki hata kidogo, wanapaza sauti tu, "Mama wa kona, magunia!" na magunia yanawafuata. Mke wangu alilelewa juu ya kona ile, akasomeshwa juu yake, na nilipokwenda kuposa niliketishwa palepale, kati ya mzani na gunia, kwa sababu mama alikataa kufunga biashara kwa ajili ya mwanaume asiyejulikana.

Sasa kazi ya kumpelekea habari ikawa yangu, na hapo pana shida. Mimi ni Msukuma wa kijijini. Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, hasemeshwi kwa mdomo mpana, na ukikutana naye njiani unapita kando hata kama kando kuna miba. Yeye ni mtu wa mjini, Mwislamu, babu yake alifuata reli kutoka upande wa Tabora, na ukoo wao unadai damu ya Pwani kila unapopata nafasi. Adabu zangu anaziona kichekesho kitupu. Mimi mtu ninayeweza kuongea kuanzia asubuhi mpaka redio zizimwe, mbele yake ninakuwa gogo.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikiutazama mzani.

"Marahaba. Unaniamkia mimi au mzani?"

Mke wangu, aliyekuwa pembeni akipepeta, akaanza kucheka kabla sijafungua mdomo tena.

"Mwambie mama soko linahamishwa," nikamwambia.

"Mama, soko linahamishwa."

"Nimemsikia, mimi si kiziwi. Muulize linahamia wapi."

"Linahamia wapi?"

"Kaskazini. Kule porini, njia ya machimboni. Litajengwa soko la kisasa."

Mama akaacha kuchota mchele. "Kule? Kule nani atanunua mchele wangu? Fisi?"

"Mwambie mama, mtaalamu amesema watu watafuata."

"Watu wamfuate yeye, kwani ni nabii?"

Nikamaliza yaliyobaki haraka, maana ndiyo yaliyokuwa machungu. Atakayekubali mapema atapewa kizimba cha mbele. Atakayesubiri mpaka soko la zamani liezuliwe atapewa kitakachobaki, na tayari ilikuwa inajulikana kwamba vitakavyobaki ni vile vya ukuta mmoja na vyoo. Mchele ukutani mwa choo! Mama akafunga mdomo wa gunia, jua likiwa bado utosini. Mke wangu naye akaacha kucheka. Niliwahi kumwona mama akigombana na madereva, na mgambo, na hata na mvua, lakini kufunga gunia mapema sikuwahi kumwona.

"Basi anionyeshe watu," akasema mwishoni. "Siku nikiwaona watu kule, nitabeba magunia yangu. Bila watu, waje waning'oe hapa na mzani wangu."

Nilidhani hapo ameshinda. Kule porini ungeonyesha watu gani? Palikuwa na vichaka, na kichuguu kirefu kuliko nyumba ya diwani, na kanga waliokuwa hawana habari na maendeleo.

Wiki iliyofuata wakaja wapimaji. Walikuwa watu wa heshima, nguo za kung'aa, kofia ngumu vichwani ingawa juu yao hapakuwa na kitu kinachoweza kuanguka isipokuwa jua. Wakasimamisha chombo chao cha miguu mitatu, wakachungulia, wakapeana ishara za mikono. Wakapigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Kisha wakafanya kosa. Wakachimba shimo, ili waujue udongo utakaobeba msingi, wakautia udongo ule kwenye mifuko ya plastiki, wakaiandika mifuko, wakaifunga vizuri, wakaipakia kwenye gari la serikali na kuondoka.

Wangefanya hivyo Lushoto au Lindi, watu wangepita na kuendelea na safari zao. Lakini hapa? Hapa mtu akiinama kufunga kamba ya kiatu, wenzake wanamuuliza ameona nini. Hapa mtu akichimba kaburi, waombolezaji wanautazama udongo kwanza, marehemu baadaye. Na wewe unautia udongo kwenye mfuko, unauandika, unaupakia gari la serikali, mchana kweupe!

Asubuhi ya pili yake hapakuwa na pori. Kulikuwa na rashi. Rashi ndivyo tunavyouita ule mmiminiko wa watu inaposemekana dhahabu imeonekana mahali: leo vichaka, kesho jiji la maturubai. Walikuwa wamekuja kutoka Geita, kutoka Kahama, kutoka Chunya, na ningeapa wengine walitoka mwezini. Wameshakata miti, wameshagawana viwanja, wameshaanza kuchimba maduara, yale mashimo membamba wanayoingia kwa kamba. Kinyozi alikuwa na sola yake na kioo chake. Mchungaji alikuwa na spika kubwa kuliko kanisa. Kichuguu kile kirefu hakikuwapo tena. Kilikuwa kimesagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, kikatafutwa dhahabu mpaka kwa mchwa wenyewe.

Nikamfuata kijana mmoja aliyekuwa amejaa vumbi, nyusi mpaka vidole, nikamsalimu, nikamuuliza anatafuta nini.

"Mali, mkubwa. Hapa kuna mali gete gete," akasema, yaani kwelikweli.

"Umejuaje?"

"Si umeviona vigingi? Vyekundu! Serikali inaweza kupoteza rangi yake bure?"

"Hivyo ni vya soko, ndugu yangu. Panajengwa soko."

Akanitazama, kisha akawaita wenzake. "Jamani, njooni mumsikie huyu! Eti soko!" Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. "Mzee, sema tu una duara lako hapa, unataka utufukuze ubaki mwenyewe. Tai yote hiyo kwa ajili ya soko?"

Kadiri nilivyowaeleza, ndivyo walivyochimba. Nilipotaja neno ramani, wakaongeza kasi. Nikaona nikiendelea kusema ukweli watatokea upande wa pili wa dunia, nikajiondokea.

Mtaalamu akarudi. Safari hii alikuja na kamera inayoruka, akairusha juu ya maturubai, akawa anatazama kwenye kioo kidogo na kuchekelea kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mjukuu. Diwani alikuwa ubavuni mwake. Nikasogea na tai yangu.

"Unauona mwitikio huo?" mtaalamu akaniuliza. "Hatujajenga hata ukuta, wananchi wameshaupokea mradi."

"Mheshimiwa, wale wanachimba dhahabu."

"Wanachimba misingi," akanisahihisha kwa upole. "Ndio ushirikishwaji huo. Nguvu za wananchi."

"Msingi gani unakwenda chini kama kisima?"

"Wa ghorofa," akasema.

Nikamtazama diwani, mtu wa hapahapa, mtoto wa mchimbaji, nikitegemea aseme neno. Akakohoa. Akaangalia mawingu. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye kamba. Duara lake lilikuwa chini ya kigingi cha kona, na ndilo lililokuwa na kamba mpya kuliko yote.

Mkutano wa pili ukaitishwa. Picha za maturubai zikatupwa ukutani, na kila turubai likaitwa kaya. Mchungaji akawa huduma za jamii. Kinyozi akawa sekta binafsi. Kwa kuwa mji ulikuwa umeshakua, tena mbele ya ratiba, ikaonekana hakuna sababu ya kuchelewa: soko la zamani liezuliwe mara moja, bustani ipandwe. Nikanyoosha mkono nikasema wale watu wataondoka. Mwenyekiti akanishukuru kwa mchango mzuri na kuamuru uandikwe. Sikuuliza uliandikwa chini ya kichwa gani.

Sasa mama mkwe alikuwa amesema, na yeye akisema amesema. Alikwenda kule juu na bajaji, akazunguka, akarudi, akaanza kufunga magunia. Mke wangu akanivuta mkono nikamzuie. Nikasimama mbele ya mzani.

"Mwambie mama wale watu ni wa rashi tu."

"Nilitaka watu," mama akasema bila kumsubiri mwanawe. "Wale si watu?"

"Ni watu, ila..."

"Ila nini? Sema na mimi, acha kusema na mzani."

Nikainua macho mpaka kwenye kitenge chake, kiunoni, na hapo yakakwama. Nikasema, "Hakuna neno, mama." Nikamsaidia kupakia.

Kwanza aliuza, lazima niwe mkweli. Aliuza vile ambavyo hakuwahi kuuza hata siku za Idi. Mtu mwenye matumaini ya dhahabu anakula kama mtu mwenye dhahabu. Akawa anarudi nyumbani akiimba, na mke wangu akawa ananitazama kwa jicho lile ambalo waume wote wanalijua. Huku chini mabati ya soko la zamani yakang'olewa, yakapakiwa, yakaenda yalikokwenda. Benchi la zege likajengwa pale pa kona. Yakapandwa majani na kibao: Usikanyage Majani. Majani yenyewe yalikauka kabla rangi ya kibao haijakauka, na yaliyobaki yakaliwa na mbuzi, ambao hawakukanyaga sana.

Na dhahabu? Mtu mmoja aliona kitu kinameta, pakawa na mayowe, kumbe ni kipande cha chupa ya soda waliyoitupa wapimaji. Kisha asubuhi moja simu zikalia. Zililia zote kwa pamoja, uwanja mzima, kama kuku wanaomwona mwewe. Imeonekana kwingine, mbele ya Bugarama huko! Kabla chai haijapoa, maturubai yalikuwa yanakunjwa. Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri. Akasema amina mahali ambapo hapakuwa na amina, akapakia spika. Kinyozi aliondoka na mteja wake nyuma ya pikipiki, kichwa nusu kimenyolewa. Vigingi vyekundu havikuonekana. Vilikuwa vimeshapikia ugali siku nyingi.

Mke wangu akanipigia simu nije na guta la kubebea mizigo. Nilimkuta mama mkwe ameketi juu ya gunia, magunia mengine yamemzunguka, na mbele yake maduara, kulia maduara, kushoto maduara, kama ardhi imeugua ndui. Hapakuwa na sauti isipokuwa upepo ukichezea mfuko wa plastiki. Diwani naye alikuwa pale, amekuja kuangalia kamba yake.

"Mama, usikate tamaa," akamwambia. "Kizimba chako cha mbele kipo, hakigusi mtu. Huu mpango ni wa muda mrefu."

"Mpango wako ni wa muda mrefu," mama akamjibu. "Mchele wangu unaingia wadudu."

Diwani akaenda zake. Mama akanigeukia.

"Mkwe, nionyeshe watu."

Nikatafuta mzani niutazame. Haukuwapo, nilikuwa nimeshaupakia kwenye guta. Hapakuwa na kitu kingine cha kutazama katika pori lote lile. Nikamtazama yeye usoni. Ana macho madogo, na siku ile yalikuwa mekundu, na mimi baada ya miaka yote ya ndoa sikuwa najua kwamba mke wangu amechukua kidevu chake.

"Hawapo, mama," nikasema. "Na mimi nilijua hawatakuwapo."

"Kumbe unaweza kusema," akasema. "Shika gunia hilo."

Tukarudi konani. Hakuomba ruhusa ya mtu. Aliweka mzani juu ya benchi la zege, akapanga magunia mahali pa majani, akaketi. Mgambo akaja, amevaa sare iliyopigwa pasi mpaka inakata.

"Mama, hapa ni bustani. Hapa ni pa kupumzika."

"Na mimi nimepumzika," mama akasema. "Umeniona ninakimbia?"

Mgambo akafikiri, akazunguka benchi, akasoma kibao, akaomba apimiwe kilo moja. Kesho yake lori likapunguza mwendo kwenye tuta, dereva akamwona, akapiga honi ndefu. Siku chache baadaye nikasikia kwamba mtaalamu ameonyeshwa picha ya kona ile, akafurahi, akaandika kwamba bustani imechochea shughuli za kiuchumi. Namtakia maisha marefu. Mtu anayeweza kulifurahia kila jambo hivyo hafi mapema.

Shida ikabaki moja: paa. Zamani palikuwa na mabati, na mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza kunusanusa upande wa ziwa. Mchele ukilowa, kona inaweza kubaki pale na mama asiwe na cha kuuza. Turubai nililojaribu lilichanwa na upepo siku ya kwanza. Ndipo nikakumbuka lile bango.

Ulipoanza mradi, kule porini palisimikwa bango la bati, pana kama uwanja wa mpira, lenye picha ya Soko la Kisasa: vioo, miti, Wazungu, mbwa. Wachimbaji walikuwa wameling'oa zamani. Nililikuta limelazwa juu ya duara la diwani kama mfuniko wa sufuria. Nikampelekea habari ofisini kwake kwamba nalichukua. Akasema yeye hana duara lolote kule, kwa hiyo mfuniko si wake, nichukue. Nikalipakia, nikachomelea miguu minne ya bomba, nikalisimamisha juu ya benchi, upande wenye picha ukitazama chini ili rangi isiliwe na jua.

Mvua ya kwanza ilipoanguka tulikuwa wote watatu chini yake. Bati lilipiga kelele, lakini halikuvuja hata tone. Mama mkwe akainua uso, akaitazama ile picha kichwa chini, akaizungukia, akaitazama tena.

"Ndilo lenyewe hili?" akaniuliza.

"Ndilo, mama. Soko la kisasa."

Akalichunguza kwa muda, ghorofa kwa ghorofa, kama mwanamke anayekagua kitambaa.

"Katika vioo vyote hivi," akasema, "mchele uko wapi?"

Lori lilikuwa limefika kwenye tuta, linapiga honi, na mama alikuwa ameshasimama ananiambia nimshikie mdomo wa gunia.